Mwenye Mtoto Aje

Mimi si mtu wa hadithi za mashetani. Wanaozisimulia huwa naona wana muda wa kupoteza. Hii naisimulia kwa sababu ilimpata wifi yangu, na kuna kipande chake kimoja ambacho ni changu peke yangu, na nimechoka kulala nacho.

Tulikuwa tukifanya kazi pamoja kwenye bustani ya watoto iliyo ufukweni. Kuna bembea, mitelezo, bwawa la maji ya magotini, na treni ndogo inayozunguka miti na kurudi palepale ilipoanzia. Mimi nilikuwa getini. Mtoto akiingia namfunga bangili ya karatasi mkononi, akitoka naikata kwa mkasi. Kila mwaka bangili zina rangi yake. Wifi alikuwa kwenye kibanda cha matangazo, wanakopelekwa watoto waliopotezana na wazazi wao.

Kazi ya kibanda ina utaratibu. Mtoto akiletwa unamwandika kwenye daftari, unataja nguo alizovaa kwenye kipaza sauti, na mzazi akija anatia sahihi ndipo anaondoka naye. Mtangazaji wa zamani, mama mmoja aliyestaafu, alimfundisha wifi na jambo moja la ziada.

"Taja nguo, halafu sema mzazi wa mtoto. Usiseme mwenye mtoto."

Wifi alipouliza kwa nini, yule mama alimwambia aache ubishi. Tulicheka sana. Tulidhani ni adabu tu za watu wa zamani.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya mwisho wa likizo. Watu walikuwa wamejaa mpaka ukikohoa unamkoholea mtu. Kaka yangu alikuwa safari ya kikazi na wifi hakuwa na wa kumwachia mtoto, kwa hiyo alikuja naye. Binti yao ana miaka sita. Tulimwita Redio, kwa kuwa ukishamwasha hazimiki. Tangu asubuhi alikuwa chini ya meza ya mama yake, anachora, anauliza maswali, anajijibu mwenyewe.

Kufika saa kumi na moja jioni miguu yangu ilikuwa imevimba. Wifi naye alikuwa hoi. Alikuwa na mtoto wa kiume mwenye fulana ya njano, ameshamtangaza mara nne na mzazi hatokei. Mara ya tano nikaisikia sauti yake imekatika kabisa.

"Jamani! Mwenye mtoto aje amchukue, tumechoka!"

Nilicheka pale getini. Watu kadhaa nao walicheka. Muda si mrefu baba wa yule mtoto akatokea, simu bado iko sikioni, akatia sahihi na kuondoka na mwanawe bila hata kusema asante.

Dakika kumi baadaye wifi akanipigia.

"Wifi, njoo." Alikuwa ananong'ona.

"Kuna nini tena?"

"Njoo tu. Usikimbie."

Nilimwachia mwenzangu mkasi nikaenda. Kwenye benchi la kibandani alikuwa ameketi mama mmoja wa kawaida kabisa, na kofia ya jua na mkoba mapajani. Redio alikuwa amesimama kando yake. Amenyamaza. Hilo ndilo lililonishtua kwanza.

"Huyu mama amekuja kumchukua mtoto," wifi akasema, macho yake yakiwa ukutani.

"Si keshachukuliwa?"

"Ndicho ninachomwambia."

"Huyu hapa," mama akasema taratibu, na akamwonyesha Redio.

Nikalazimisha kicheko. "Aa, mama, huyo ni wa kwetu. Mama yake ndiye huyu hapa."

"Nimesikia tangazo," akasema. "Hamkutaja nguo. Mmesema mwenye mtoto aje. Nimekuja."

Hakuwa mkali. Alisema kama mtu aliyepanga foleni na zamu yake imefika. Nikamtazama mkononi, maana mimi macho yangu ndiko yalikozoea kwenda. Alikuwa na bangili. Si moja. Zilianzia kwenye kifundo zikapanda hadi karibu na kiwiko, rangi zote, hata ile ya zambarau ya mwaka nilipoanza kazi. Zote zilikuwa za watoto. Hakuna iliyokatwa. Na sikuelewa zilipitaje kwenye kiganja chake.

Mlinzi akapita dirishani, akachungulia.

"Nyie wawili mnamsengenya nani humo?" akauliza, akacheka, akaenda zake.

Wawili. Wifi akanitazama.

"Mimi ndiye mama yake," akamwambia yule mwanamke. "Nimemzaa mimi."

"Anayekuja kuchukua mtoto hutoka nje, dada. Wewe umo humu tangu asubuhi. Wewe ni mtangazaji."

Feni inazunguka. Kule nje watoto wanapiga kelele bwawani.

Wifi akanivuta sikio karibu. Naapa sijui akili ile aliipata wapi. "Utatangaza wewe. Utataja nguo. Mimi nitatoka, niingie kama mzazi, nitie sahihi. Mshike mkono. Usimwachie hata iweje."

"Sawa."

"Wifi. Hata iweje."

Akatoka. Nikamshika Redio mkono. Ulikuwa wa moto na unanata kwa juisi. Kwa mkono mwingine nikabonyeza kitufe cha kipaza sauti.

"Mtoto wa kike. Gauni la bluu, viatu vyeupe. Mzazi wa mtoto huyu afike kibanda cha matangazo."

Sauti yangu iliyorudi kutoka kwenye spika za nje sikuitambua. Nikaachia kitufe. Mlangoni hapakuwa na mtu bado.

"Hujamwandika," mama akasema.

Kweli. Daftari lilikuwa wazi mezani, feni inapeperusha kurasa. Asipoandikwa, wifi angetia sahihi wapi? Nikaitafuta kalamu. Nikaipata. Nikajaribu kuandika kwa mkono mmoja, ukurasa ukageuka. Nikajaribu tena. Ukageuka.

Nikauachia mkono.

Mstari mmoja tu. Nililibana daftari kwa mkono wa kushoto, nikaandika kwa wa kulia. Gauni bluu, viatu vyeupe. Nikarudisha mkono, nikamshika tena.

Wifi akaingia akihema. Akataja gauni, akataja viatu, akatia sahihi. Akamkumbatia mtoto, akalia kama mtu aliyefiwa. Mimi nilikuwa nikiwatazama wao. Nilipogeuka benchi lilikuwa tupu, na mlango tulikuwa tumeuziba sisi.

Tulipokuwa tunafunga geti ndipo nikakumbuka kwamba ule mkono niliourudia ulikuwa mkavu. Nikajiambia ni woga. Sikumwambia wifi. Mpaka leo sijamwambia.

Kesho yake shule zilifunguliwa, lakini mtoto aliamka na homa, wifi akabaki naye nyumbani. Nami nilienda kumsaidia. Mchana kutwa mtoto alilala mkekani bila kusema neno, anatutazama tu. Saa tisa simu ya wifi ikalia, akaiweka spika, mwalimu wa darasa la kwanza.

"Mama Redio, leo umechelewa, nikapata wasiwasi kidogo," mwalimu akasema. "Ila nimeona niwatoe hofu. Mwenye mtoto amekuja kumchukua."

"Kumchukua nani?"

"Binti yako. Kashinda vizuri tu, kaongea darasani mpaka nimemhamisha dawati."

Wifi alikuwa anamtazama mtoto aliye mkekani. Mtoto naye alikuwa anamtazama yeye.

Tulikimbia hadi shuleni na ndala moja tu mguuni mwangu. Hapakuwa na mtu. Mwalimu alitukabidhi daftari lililosahaulika juu ya dawati. Lina tarehe ya Jumatatu ile, hesabu kumi, zote kapata. Chini yake kuna jina lake, limeandikwa kwa herufi zake, na ile moja anayoigeuza kila siku ameigeuza vilevile.

Wifi alisimama kwenye geti la shule wiki tatu, asubuhi na mchana. Hakuonekana tena mtoto mwingine. Kazi aliacha. Kaka yangu amerudi, anasema mkewe ni mgonjwa wa mawazo, na mtoto ni yuleyule, kapoa tu baada ya homa. Nami namwitikia, nifanye nini? Anakula, anaoga, anaitika akiitwa. Hana kosa lolote. Shuleni hajarudishwa, na tangu siku ile hatujamwona akiandika jina lake. Daftari lile wifi amelifungia sandukuni, na kalamu zote, penseli, hata chaki, amezitoa ndani ya nyumba. Hajawahi kusema kwa nini, na mimi sijawahi kumuuliza.

Jana nilikwenda kuwasalimia. Wifi alikuwa jikoni. Mtoto akanisogelea, akanishika mkono, akaniomba kalamu kwa upole kabisa. Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Nikamwambia sina.