Giza Lililopanda Setilaiti

Haya yalimpata dada yangu, tuliyenyonya ziwa moja, na wala si mtu wa kuogopa vivuli. Kazini walimwita Mama Pacha kwa sababu ya wanawe. Kazi yake ilikuwa kufuatilia setilaiti ndogo, kubwa kidogo tu kuliko kopo la rangi, ajue inajizungusha kwa kasi gani huko juu.

Kwa macho haionekani. Lakini kila upande wake una kihisi cha jua, kijicho kinachopima mwanga. Upande ukielekea jua, namba zinapanda. Ukigeuka, zinashuka. Pima muda kati ya kilele na kilele, kasi umeshaipata.

"Ni kama kuchoma kuku," alizoea kunitania. "Unajua amegeuka kwa jinsi anavyoiva."

Mchana mmoja setilaiti ilipita, namba zikafika kituoni, dada akapiga hesabu. Kasi ilikuwa imepungua, na hakuna aliyeigusa. Akaangalia kihisi kimoja kimoja. Kimoja kilikuwa gizani ilhali jua lilikuwa mbele yake.

"Kimekufa hicho," alisema mkuu wa kituo, mtu mkavu waliyembatiza jina la Chuma.

Ilipopita tena, kihisi kile kilikuwa kizima. Sasa jirani yake ndiye aliyekuwa gizani. Baadaye, jirani wa jirani.

Giza lilikuwa linatembea.

"Mkuu," dada alinong'ona, "kuna kitu kimeipanda."

"Kama kimepanda, tutakitupa. Ongeza kasi."

"Tukiache, tafadhali. Hatujui kitaangukia wapi."

"Mama Pacha, uchawi acha kwako. Hapa tunafanya kazi."

Chuma akatuma amri mwenyewe. Setilaiti ilikuwa na koili za sumaku, nyaya zilizoviringwa za kuizungusha, na kwa siku kadhaa, kila ilipopita, ilikuwa inazunguka kwa kasi zaidi. Mwishowe ikawa inamaliza mzunguko kwa kufumba na kufumbua. Dada akakagua vihisi. Vyote vilikuwa vinaliona jua, kila kimoja kwa zamu yake.

Chumba kizima kikapiga makofi. Chuma alicheka hadi akajifuta machozi.

"Umeona? Kimeteleza!"

Makofi yalikuwa hayajaisha. Kitu kikatua juu ya paa, kizito, kama gunia la mawe. Vumbi la dari likawamwagikia kichwani.

Chuma akatoka kwenda koridoni kutazama. Dada akamfuata. Jua la mchana lilikuwa limeijaza korido yote kupitia mlango wa kioo, na hapakuwa na mtu.

Chuma akasimama ghafla. Akajishika shingo.

"Nani ananivuta?"

Miguu yake ikaacha sakafu.

Akaanza kuzunguka. Taratibu kwanza, kama mtu anayetafuta aliyemwita. Halafu kwa kasi. Kiatu kikaruka, kikavunja taa. Dada akamrukia, akaudaka mkono wake. Akaburutwa. Akabamizwa ukuta wa kushoto, kisha wa kulia. Bega lake likalia kama kuni kavu. Hakuachia. Kichwa cha Chuma kikagonga ukuta. Kikagonga tena. Meno yakatapakaa sakafuni. Damu ilichora mstari mmoja, mnyoofu, kuta zote mbili.

Kilele. Kilele. Kilele.

Dada aliitambua kasi ile. Alikuwa ametoka kuipigia hesabu.

Shingo ikavunjika. Kila kitu kikatulia. Chuma akaanguka kifudifudi, lakini uso wake ulikuwa unatazama dari. Kisha dada akahisi vidole, vingi mno, vikiushika mkono wake wa bega lililovunjika. Vikaukamata kwa muda, kama mtu anayejaribu nguo. Vikauachia.

Waliokuja kuchunguza waliandika kwamba mkuu alianguka kwenye ngazi. Korido ile haina ngazi.

Bega la dada lilipona, akaacha kazi. Asubuhi moja nilimtembelea, nikamkuta uani anaanika shuka. Jua lilikuwa linamulika ukuta ulio nyuma yake. Nilikuwa namwamkia, macho yangu yakatua ukutani.

Mikono yake yote miwili ilikuwa juu, imeshika kamba. Kivuli chake ukutani kilikuwa na mmoja tu.

Akanifuata macho, akageuka, akatazama nilichokuwa natazama. Kisha akaushusha polepole mkono ule wa bega lililowahi kuvunjika, akaufunika kwa khanga.

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Watoto bado hawajaona."