Jiwe Kutoka Pori la Bahi

Kitambuamawe, programu ya simu ya kutambua mawe, kilihitaji picha tatu tu: mbele, nyuma, na pale jiwe lilipovunjika. Kwa sekunde mbili kililinganisha rangi, chembe na mng'ao wake na mamilioni ya sampuli, kisha kikataja jina la jiwe na umri wake. Wakulima na wachimbaji nchi nzima walikitumia kwa simu zao. Majibu yasiyo ya kawaida yalipelekwa kwanza kwa Dkt. Nyamizi Kasubi, mwanamke aliyekiunda, katika maabara yake Dodoma.

Hakuna aliyekitumia kama Ndahani Chilewa, mfuga nyuki wa Bahi. Kwa miaka mitatu alikuwa ametuma picha za mawe zaidi ya mia nne, yote ya kawaida. Wafanyakazi wa maabara walimcheka.

Asubuhi moja alituma picha ya kipande cheusi, kinachong'aa kama kioo, chenye viputo ndani. Jibu lilikuja kwa Nyamizi: hili si jiwe, ni metali ya titani iliyoyeyuka pamoja na ngao ya joto. Ni mabaki ya Kipanga.

Kipanga kilikuwa chombo cha anga kilichopotea miaka mitatu iliyopita, kikiwa na watu sita, kikirudi kutoka mwezini. Mamlaka ya anga ilitangaza kwamba kilipotelea mbali, wala hakikuifikia dunia. Nyamizi akafungua orodha ya waliokuwemo. Wa nne alikuwa Mbeho Ndahani, rubani msaidizi.

Jibu kama hilo halitumwi kwa simu. Akaendesha gari hadi Bahi, akamkuta Ndahani kwenye mizinga yake. Akamwamkia, akamweleza yote taratibu, bila kuficha.

Mzee alikaa chini. Aliuliza jambo moja tu: walikuwa wamebakiza muda gani kutua.

"Dakika sita, baba."

Ndahani akasimulia kwamba siku ile, saa nane mchana, aliona mwali mrefu ukikata anga. Jioni redio ikatangaza habari za Kipanga. Alipokwenda kuuliza, maofisa walimwambia alichoona ni kimondo.

"Ulikuwa mzuri," alisema. "Nilimwita mama yake Mbeho atoke nje autazame. Tulisimama hapa tukifurahi."

Nyamizi alimwomba radhi kwa miaka yote ile ambayo mzee alitafuta bila kupata.

"Sikuwa natafuta nipate, mwanangu. Nilitafuta nisipate. Kila mlipoandika ni jiwe la kawaida, nilimwambia mama yake, basi yuko huko juu bado, atarudi. Akala, akalala."

Kutoka ndani ya nyumba sauti ya mwanamke iliuliza mgeni ni nani, na jiwe la leo wamesemaje.

Ndahani alisimama. Alijipangusa uso kwa kiganja, akaingia ndani, akafunga mlango. Nyamizi alibaki uani. Alimsikia mama akirudia swali lake, kwa furaha kidogo, mara ya pili na ya tatu.