Nilichagua Kompyuta Nzito Ili Isifike kwa Ndugu Yangu

Nina miaka kumi na saba, niko mwaka wa nne sekondari hapa Bwera, na darasani nakaa nyuma kabisa pamoja na wenzangu wenye vipaji ambavyo walimu bado hawajavigundua. Wanaonijua watangoja utani. Utakuwepo kidogo, siwezi kuuzuia... lakini haya ninayowasimulia, wasomaji wenzangu, yaliniliza, na mimi si mtu wa kulia. Hata siku ya kutahiriwa niliuliza kama wamepika nyama.

Baba yetu ni msafirishaji. Watu wanamwita Hajji. Ana lori na ana wake wawili: mama yangu yuko Bwera, karibu na mpaka, na mama mdogo yuko Kasese mjini. Analala huku kwa zamu na kule kwa zamu, kama dini inavyotaka. Zamu ikiisha, hata umchinjie jogoo, haongezi usiku.

Sisi Wakonzo, mtoto wa kwanza wa kiume wa kila mama anaitwa Mumbere. Wake wawili, basi akina Mumbere wawili. Mimi ni Mumbere wa Bwera. Yule ni Mumbere wa Kasese, jina lake la dini Twaha, na nitamwita hilo msije mkapotea. Nilimtangulia kuzaliwa kwa mwezi mmoja tu, na huo mwezi nimeutumia vizuri. Kila nyama ikigawanywa nautaja.

Je, nilimpenda? Nilimpenda. Kila likizo tulitukanana hadi tukalala. Lakini wivu nao ulikuwa na godoro lake ndani ya moyo wangu. Baba akirudi akisema Twaha amekuwa wa pili darasani, niliusukuma ugali pembeni. Baba akija amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, Mama alikuwa analinusa kwanza kabla ya kusema karibu, ajue kule wamepika nini. Kwa hiyo msinilaumu peke yangu. Nilizaliwa ndani ya wivu kama samaki ndani ya ziwa.

Basi Baba akachoka kupanga foleni kwenye vibanda vya kuchapa karatasi pale Mpondwe kila lori linapovuka. Akaamua kununua kompyuta ya nyumbani. Itachapa karatasi zake za mizigo kwa printa ndogo yenye betri aliyokuwa nayo tayari, na sisi vijana tutaitumia kwa mambo yetu. Mimi nachora katuni. Nilikuwa na ndoto ya kuzifanya zitembee, hasa mchukuzi mmoja wa mpakani, mdogo kuliko mzigo wake. Twaha anaimba kaswida na alitaka kujirekodi. Baba akatuita wote wawili, likizo, Kasese.

“Nyinyi ndio iko na akili ya hizi vitu,” akasema. “Mwende muchague. Lakini mukubaliane. Sitaki kesi kwa nyumba yangu.”

Dukani tulionyeshwa mbili. Ya kwanza laptopu, iliyotumika kidogo, betri yake nzuri, na muuzaji akasema ina nguvu ya kutosha kwa michoro na sauti. Ya pili kompyuta ya mezani, skrini pana kama dirisha la msikiti, sanduku lake zito, spika mbili. Hiyo haikuwa na betri. Umeme ukikatika na yenyewe imekatika.

Twaha hakufikiri hata dakika. Akasema tuchukue laptopu.

“Italala pale Baba analala,” akaniambia. “Zamu yenu, yako. Zamu yetu, yangu. Na katuni zako si zitafanya kazi hata umeme wa Bwera ukienda safari zake?”

Wasomaji, lile lilikuwa neno la haki. Alikuwa amenifikiria mimi kabla ya kujifikiria yeye. Lakini masikio ya mtu mwenye wivu yana kichujio chake. Mimi nilichosikia ni hiki tu: nusu ya maisha yake, kompyuta itakuwa Kasese. Nikaiona katika begi la Baba ikiondoka Bwera kila zamu, na mama yangu amesimama mlangoni... Kwa nini kila kitu chetu kiwe nusu?

Nikalitazama lile sanduku zito. Nani atalibeba hili kila zamu? Hakuna. Likiingia Bwera limeingia.

Nikatoka nje kwa Baba, aliyekuwa anangoja kwenye lori. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nageuza uso hata nikiwa peke yangu. Nilimwambia Twaha anataka ile ndogo ili aende nayo shule, na kwamba ameshawaahidi wenzake kuwaonyesha filamu za uchi.

Ulikuwa uongo mtupu. Mtoto wa kaswida... Lakini nilijua Baba anaogopa nini. Uso wake ulibadilika. Hakuuliza swali hata moja. Aliingia dukani akasema tunachukua ile kubwa, itakaa sebuleni Bwera mbele ya watu wote, na Twaha asiiguse bila mtu mzima kuwa pembeni.

Twaha alinitazama. Aliangalia lori, akaangalia mdomo wangu, akaelewa. Na safari nzima ya kwenda Bwera aliipakata ile skrini mapajani, kwenye mashimo yote, akiikumbatia kama mtoto mgonjwa ili isivunjike. Mimi nilipakata spika. Hivi nikiandika, ni mikono yake ile ninayoiona.

Nyumbani ikawa arusi. Mama alishona kitambaa cha maua akaifunika. Majirani wakaja kukiona kitambaa, maana kompyuta yenyewe hawakuiona, ilikuwa marufuku kukiondoa mbele ya vumbi. Nilipobaki peke yangu nilimchora mchukuzi wangu. Akainua mguu wa kwanza. Akainua wa pili. Nilicheka kama mwendawazimu. Nikajiambia, Mumbere wa Bwera, umeshinda.

Kisha umeme ukaanza tabia zake. Mnaoishi kwetu mnaujua. Ni kama mjomba anayependa pombe: anakuja bila taarifa, anavuruga nyumba, anatoweka. Mchukuzi wangu alikatika katikati ya hatua mara nyingi hadi nikamwonea huruma. Nilijifariji kwamba kule Kasese Twaha hana hata hicho kidogo.

Hadi siku ya nyanya za Mama Kavira.

Mama Kavira ni mfanyabiashara wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, Mkatoliki wa rozari shingoni, mteja wa Baba wa miaka mingi. Alikuwa amenunua nyanya kule Mubuku, zimejaa lori, zimefika Mpondwe. Baba alikuwa kwenye zamu yetu. Akaandika karatasi za mzigo kwenye kompyuta, akamaliza, akanyoosha mkono kuchapa... giza kwenye skrini. Umeme umeondoka na karatasi zake.

Tukangoja. Baba alikimbilia vibanda vya mpakani, navyo umeme hamna, na vyenye jenereta foleni yake ilikuwa kama ya maandamano. Jua la Mpondwe mnalijua. Umeme ulikaa hukohuko ulikokwenda, na keshoye maji mekundu yalikuwa yanadondoka chini ya lori.

Mama Kavira alikuja nyumbani, akasimama mbele ya ile kompyuta, akainua kitambaa cha Mama kwa vidole viwili.

“Hajji, hii mashini yako iko na nguo ya muzuri,” akasema. “Lakini tomate yangu inakuwa potopoto mu gari, na yeye iko nalala tu sawa bibi arusi. Ni nani alichaguaka hii?”

Baba alinitazama mimi. Natamani angenipiga.

Mama Kavira alihamisha mizigo yake kwa msafirishaji mwingine. Baada ya siku kadhaa Baba akasema kompyuta inahamia Kasese, mjini, ambako umeme una adabu kidogo. Mama alilia waziwazi. Alikikunja kile kitambaa polepole, akakiweka sandukuni kama nguo ya marehemu.

Nikathubutu kuuliza kama itarudi zamu zetu.

“Itarudi namna gani?” Baba akasema. “Hii ni mzigo wa mutu wawili. Kama ilikuwa ile ndogo, ningekuja nayo kila zamu.”

Mmesikia? Ule uzito nilioutafuta ili isiondoke kwetu ndio ulioizuia kurudi. Nililibeba lile sanduku hadi kwenye lori mwenyewe, na mchukuzi wangu ndani yake, ameinua mguu mmoja. Nikawa yeye. Mdogo kuliko mzigo.

Sasa ikawa zamu yangu kuumwa. Nilimwona Twaha usiku na mchana kichwani, amekaa kwenye kiti, anabofya, anacheka na mama yake, anafuta katuni zangu moja moja. Mimi ningezifuta. Likizo ilipofika nilipanda lori kwenda Kasese nikiwa nimejaza maneno makali hadi kooni.

Nikabisha hodi. Yale maneno yakaisha palepale mlangoni.

Twaha alikuwa mbele ya kompyuta, na nyuma yake mama mdogo amekaa na ungo wa mchele, anachagua mawe huku jicho moja liko kwenye skrini. Mlango wazi, dirisha wazi, watoto wanapiga kelele, kuku wanapita. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiitumia kila siku. Amri ya Baba ilikuwa palepale, kwa sababu ya uongo wangu. Kaswida hata moja hakurekodi, maana mlango haufungwi. Utarekodi nini, kuku?

Na katuni zangu? Zilikuwepo zote. Mchukuzi wangu alikuwa bado ameinua mguu.

“Karibu, kaka,” Twaha akasema, akainuka, akanipa kiti. Akaniletea chai.

Kaka. Tangu tuzaliwe hajawahi kuniita kaka. Alikuwa akiniita Kichwa cha Kambale. Nilimchokoza, nikamwambia suruali yake fupi imekatazwa kuvuka mpaka wa kifundo cha mguu. Akatabasamu kama anavyotabasamiwa mgeni. Nikaielewa hasara yangu hapo, na haikuwa kompyuta.

Baba alipoingia na kuvua viatu nilisema yote mbele ya mama mdogo, kabla ulimi haujapata utani wa kujifichia. Mama mdogo aliuacha ungo. Kisha Baba akasema nitayarudia maneno hayohayo Bwera mbele ya mama yangu, halafu msikitini nitamtafuta Mama Kavira nimwombe radhi... hapana, alijisahihisha, yule ni wa kanisani, basi nitamfuata hukohuko. Nilikwenda. Sitasimulia alichoniambia yule mama, magazeti yana heshima zake.

Siku ile niliyosema yote, mama mdogo aliinuka, akachukua ungo wake na watoto na kuku, akaufunga mlango nyuma yake. Mara ya kwanza.

Wasomaji wenzangu, hasa wa nyumba za mama wawili, nawasihi. Mkienda kuchagua kompyuta, ulizeni betri, ulizeni umeme wa kwenu una tabia gani, ulizeni itafanya kazi gani na itakaa wapi. Lakini kwanza jiulizeni kama mnachagua kitu cha kutumia au cha kumnyima mtu. Cha kumnyima mtu huwa kizito, na utakibeba wewe.

Mimi na Twaha tulibaki ndani, mlango umefungwa. Akavuta maiki karibu, akakohoa kusafisha koo ili aanze kurekodi. Kisha akageuka, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

“Wewe kweli ulizaliwa kompyuta ya mezani,” akasema. “Mzito, na hauna betri. Sogea huko, Kichwa cha Kambale, unanipumulia kwa maiki.”

Nilisogea. Nikageukia ukuta ili asinione nikilia.