Ubeti wa Kujaribia Miguu

Kila Ijumaa baada ya mapumziko, wanafunzi wa darasa la sita walisukuma madawati hadi ukutani, wakafagia sakafu ya saruji, kisha wakasimama kwa mistari. Mwalimu wao wa lugha alikuwa na sheria moja kuhusu kitabu walichokuwa wakikitengeneza: ubeti usiokanyagika hauingii kitabuni. Kwa hiyo kila ubeti mpya ulisomwa huku darasa zima likipiga miguu chini. Miguu ikigongana na maneno, ubeti ulirudishwa kwa mtungaji.

Kitabu chenyewe kilikuwa desturi ya shule. Kila mwaka darasa la sita liliwatengenezea watoto wa darasa la kwanza kitabu cha picha na mashairi, chenye kurasa pana kiasi kwamba hata aliyekaa nyuma kabisa angeona. Mwaka huu kilimhusu Mzee Visigino, mchezaji dansi maarufu aliyezaliwa mtaa wa nyuma ya shule. Ujanani alikuwa akipiga deki katika ukumbi wa dansi. Alipigilia vipande vya chuma chini ya soli za viatu vyake, akajifundisha kuifanya sakafu iseme: ta-ka-ta, ta-ka-ta, kisigino na ncha, kisigino na ncha. Miguu ile ikamvusha bahari, akacheza mbele ya umati wa watu katika kumbi kubwa za ng'ambo. Sasa magoti yalikuwa yamemchoka, naye aliishi palepale mtaani pake.

Maneno ya kitabu yalitungwa na msichana ambaye wenzake walimwita Malenga. Hakuna aliyemshinda kwa vina. Ukimtajia kijiko, kabla hujafumba mdomo keshakupa mwiko, jiko na kicheko. Picha zilichorwa na rafiki yake, Rangi. Wasichana hawa walikuwa chanda na pete. Walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza, wakagawana kifutio, penseli na siri.

Rangi alikuwa na sikio bovu. Sikio lake la kushoto lilitoa usaha tangu utotoni, na siku za joto lilinuka. Alilizibia pamba, likasikia kidogo tu, akategemea lile la kulia; lakini penye kelele maneno yalimpotea. Labda ndiyo maana alichora vizuri. Alikwenda nyumbani kwa Mzee Visigino, akamwomba akae kitini aichezeshe miguu polepole, akaitazama mpaka akaikariri. Ukiitazama miguu ile kwenye karatasi, ungedhani sakafu inalia.

Lakini kwenye mazoezi ya kukanyaga, Rangi alikuwa mzigo. Mguu wake ulichelewa kila mara, kwa sababu alifuata macho ya wenzake badala ya sauti. Ubeti wa kwanza wa kitabu ulikuwa huu:

Chuma chini ya kiatu,
sakafu yaita watu,
Visigino, babu yetu,
miguu yapiga tatu.

"Tena!" alisema mwalimu. Wakarudia. Mguu mmoja ukabaki nyuma, pu!

"Tena!"

Pu!

"Malenga," akasema kijana mmoja mrefu wa mstari wa nyuma, "ubeti wako una matege!"

Darasa likacheka. Malenga akahisi masikio yake yanawaka moto. Alimtazama Rangi, ambaye hakusikia mzaha ule na alikuwa akitabasamu. Tabasamu lile lilimchoma Malenga kuliko kicheko cha darasa.

Muda mfupi baadaye Rangi alitoka kwenda bombani kuosha brashi zake. Malenga akapita mbele.

"Mwalimu, naomba tuanze na ubeti mwepesi, wa kujaribia miguu. Miguu ikishashika, tutarudi kwenye ubeti wenyewe."

"Haya, tuusikie."

Malenga hakuhitaji hata kufikiri. Ubeti ulimjia mdomoni kama mate:

Sikio lavuja uji,
nzi humo wajenga mji,
Rangi, kanawe kwa maji,
kunuka ndicho kipaji!

Darasa lililipuka. Kijana mrefu alijitupa sakafuni akishika mbavu. Mwalimu aliinamisha uso, akajifanya anatafuta chaki mezani, lakini mabega yake yalitikisika. "Si vizuri hivyo," alisema hatimaye, na sauti yake bado ina kicheko ndani. "Ila mdundo ndio huohuo. Kanyageni."

Wakakanyaga. Miguu ilitua pamoja kama mguu mmoja. Rangi aliporudi na brashi zake zinazochuruzika maji, alikuta wenzake wote wana machozi ya kucheka. Naye akacheka, asijue anachochekea.

Ubeti ule haukubaki darasani. Ulitoka kwenda kwenye foleni ya maji, ukaingia kwenye mchezo wa kuruka kamba, ukawafikia watoto wa darasa la kwanza, wanaopenda kila kitu chenye kishindo. Malenga alipousikia midomoni mwa watoto asiowajua, alijisikia fahari. Moyo wake ulimwambia, "Wakataze." Akaujibu, "Rangi hasikii. Kisichosikika hakiumi."

Siku ya kusoma kitabu ikafika. Watoto wa darasa la kwanza walikaa chini kwenye ukumbi wa shule. Wazazi walikaa kwenye mabenchi, na mbele yao, kwenye kiti chenye mto, alikaa Mzee Visigino mwenyewe. Alikuwa amevaa viatu vyake vya zamani vyenye chuma. Bibi yake Rangi, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alikuja na nguo yake ya ibada, akawaambia watu waliokaa karibu naye, "Picha zote ni za mjukuu wangu. Zote!"

Rangi alisimama mbele akiinua ukurasa wa kwanza juu ya kifua chake. Malenga alisimama pembeni yake kusoma. Mwalimu akawaambia wadogo, "Haya, wanangu, tupigeni miguu kwanza."

Ta-ka-ta, ta-ka-ta. Mzee Visigino naye akagusa sakafu kwa ncha ya kiatu, na chuma kikaitika. Watoto walifurahi mno. Mdundo walikuwa wanaujua, na maneno yake pia. Kabla Malenga hajafungua mdomo, ukumbi mzima wa watoto ulipaza sauti:

"Sikio lavuja uji! Nzi humo wajenga mji!"

Rangi aliona midomo inafunguka, miguu inapigwa, macho yote yanamtazama. Alidhani wameipenda picha. Akaiinua juu zaidi, akatabasamu kwa meno yote.

"Rangi, kanawe kwa maji! Kunuka ndicho kipaji!"

Kiatu cha Mzee Visigino kikanyamaza. Bibi yake Rangi alibaki mdomo wazi. Rangi akaziona nyuso za watu wazima, tabasamu likapungua. Akamwinamia Malenga kwa sikio lake zima.

"Wanasema nini?"

"Wanakusifu," alijibu Malenga.

Basi Rangi akawageukia tena watoto, akawapungia mkono. Mtoto mmoja wa kike mstari wa mbele akampungia pia. Kisha, kwa furaha ya mchezo tu, akabana pua yake kwa vidole na kulinyooshea mkono sikio la Rangi. Wa pembeni yake akabana pua. Mstari mzima ukabana pua.

Rangi akaelewa. Hakulia. Aliuweka ukurasa chini taratibu, picha ikitazama sakafu, akapita katikati ya watoto na kutoka nje. Bibi yake akamfuata, akijikwaa kwenye miguu ya watu.

Mzee Visigino alisimama kwa shida. "Nimecheza mbele ya watu walioninyima mlango wa mbele na kunipitisha jikoni," alisema. "Nilidhani hayo nimeyaacha huko ng'ambo. Mguu wangu haukanyagi mtoto. Futeni jina langu kwenye kitabu chenu." Akaondoka, na chuma cha viatu vyake kikasikika mpaka getini.

Tangu siku ile Rangi hakuonekana shuleni. Siku zikapita, dawati likabaki na mtu mmoja. Malenga alijiambia kwamba Rangi amenuna tu, na mtu akinuna hununuliwa pipi.

Mama yake Malenga alikuwa muuguzi wa zahanati. Jioni moja alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa bila kuomba hata maji.

"Leo nimempokea rafiki yako," alisema. "Homa kali, na nyuma ya sikio pamevimba kama embe bichi. Tumempeleka hospitali kubwa. Unajua alikuwa akifanya nini? Kila asubuhi na jioni alikuwa akimimina maji ya sabuni ndani ya sikio lile. Bibi yake akimwambia waje zahanati, anakataa. Anasema watu watabana pua. Nikamuuliza, mwanangu, nani alikwambia uoshe sikio linalotoa usaha kwa maji ya sabuni? Akanijibu, 'Shule nzima imeniambia.'"

Malenga alitazama miguu yake. Angeweza kunyamaza. Mama yake hakuwepo ukumbini siku ile, na Rangi hakujua mtungaji ni nani.

"Ni mimi, mama," alisema. "Nilitunga mimi."

"Ulitunga nini?"

"Ubeti. Wa kumcheka."

"Hebu useme."

"Mama, tafadhali..."

"Uliwapa watoto wa watu, sasa nipe na mimi. Sema."

Malenga akausema. Katika chumba kile, bila miguu na bila kicheko, ubeti ulisikika kama mtu anayetapika. Mama yake alifumba macho, midomo yake ikacheza kimyakimya kwa sala. Alipofumbua, hakumpiga wala hakumfokea. Alisema tu, "Kesho utayasema haya mbele yake."

Wodini, Rangi alilala na kichwa kilichofungwa bandeji. Malenga akamwamkia bibi yake Rangi, "Shikamoo, bibi." Bibi akaitikia, "Marahaba," bila kumtazama. Malenga akasogea kitandani.

"Rangi, ule ubeti niliutunga mimi. Na siku ile nilikudanganya. Nisamehe, mwenzangu."

Rangi alimtazama mpaka alipomaliza. Kisha akajigeuza polepole, akalizika sikio lake zima ndani ya mto, na kumwachia Malenga lile lililofungwa.

Nje, kwenye korido, alikomngoja mama yake, Malenga alilia. "Amekataa kunisikia!"

"Ana haki," alisema mama yake. "Wewe ulimsema kwa kila sikio isipokuwa lake. Futa machozi. Kule shuleni moto bado unawaka, na aliyeuwasha ni wewe. Nenda kauzime."

Kuuzima hakukuwa rahisi. Malenga alimwendea mwalimu wake. Mwalimu akasema, "Nami nilicheka. Ningekukemea siku ile, yasingefika huku." Wakaenda pamoja darasa la kwanza. Mwalimu aliwakataza watoto kuuimba ubeti ule, na walipotoka tu mapumziko, wakauimba kwa nguvu zaidi, maana kitu kilichokatazwa kina utamu wake.

Kesho yake Malenga alirudi peke yake. Hakukataza. Aliwaambia yaliyompata Rangi: maji ya sabuni, uvimbe, sindano, na sikio ambalo daktari anasema huenda lisisikie tena. Watoto wakatulia. Yule mtoto wa kike aliyebana pua akainua mkono.

"Kwani wewe ndiye uliyemfanyia hivyo?"

Malenga alitaka kusema, "Sote." Ingekuwa kweli pia. "Ndiyo," akasema. "Mimi ndiye niliyewafundisha."

"Wewe ni mbaya," alisema mtoto, kama mtu anayetaja rangi ya ukuta.

"Ndiyo," alisema Malenga. Kisha akawaomba wasimame, wapige miguu, akawafundisha ubeti wa chuma na kiatu. Kila siku ya shule alirudi. Mwanzoni wengine waliteleza kwenye maneno ya zamani, na kila walipoteleza, alisimamisha miguu na kuanza upya. Wenzake wa darasa la sita walimpita dirishani wakimwita "Mama wa Chekechea." Hakujibu kwa vina, ingawa vilimjaa mdomoni.

Rangi alirudi shuleni akiwa mwembamba. Sikio halikunuka tena, lakini halikusikia. Siku hiyo, wakati wa mapumziko, watoto walikuwa wakiruka kamba uwanjani, naye akasimama mlangoni akiitazama midomo yao kwa hofu. Aliitazama muda mrefu. Midomo ilisema kiatu, ikasema watu, ikasema babu yetu. Akashusha pumzi. Jumatatu iliyofuata alichukua brashi, akamalizia ukurasa wa mwisho. Mwalimu alikwenda kumwangukia Mzee Visigino miguuni, na mzee akakubali kuja kusikiliza kwa mara nyingine. Kitabu kikasomwa chote, chuma kikaitika, na hakuna pua iliyobanwa.

Lakini Rangi aliomba kuhamishiwa dawati jingine. Malenga akimsalimia, alijibu salamu, basi.

"Nimekiri, nimeomba, nimefundisha," Malenga alimwambia mama yake walipokuwa wakikunja nguo. "Kila siku ninamwomba Mungu msamaha. Mbona Rangi hanisamehi?"

Mama yake aliikunja sare yake nyeupe, akailaza juu ya nyingine.

"Mungu hukusamehe ukimwomba, mwanangu. Binadamu hukusamehe akipona, na kuna jeraha lisilopona. Hiyo ndiyo sababu ulimi hufungwa kabla, si baada. Mungu alikupa kipaji cha maneno ukakifanya jiwe, ukamrushia aliye karibu nawe kuliko wote. Usimdai Rangi chochote. Ukitaka kusali, mwombee yeye kwanza."

Malenga akaendelea kukunja. Kisha akainamisha kichwa palepale, na nguo mikononi, akamwombea Rangi.