Soksi za Ngozi za Baba

Kila alfajiri, kabla moshi wa majiko haujatanda juu ya mabati ya mji wa Kisii, Kaltuma alibeba birika la maji ya uvuguvugu hadi uani, nyuma ya duka, akammiminia baba yake maji ya kutawadha. Mwaka huo wa 1953 alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hiyo aliijua kama njia ya shule: viganja, kinywa, pua, uso, mikono hadi viwikoni, kichwa, na mwisho miguu.

Siku za karibuni miguu haikuoshwa. Baba yake, Shariff, alivaa soksi nyeusi za ngozi, na ilipofika zamu ya miguu alilowesha vidole vya mkono akazipangusa kwa juu tu.

"Baridi ya huku inaingia mifupani," alisema. "Na dini imeruhusu."

Ni kweli, imeruhusu. Lakini madrasani Kaltuma alifundishwa kwamba aliye nyumbani kwake hupangusa mchana mmoja na usiku wake, kisha huvua akaosha. Soksi za baba hazikuvuliwa tangu Ijumaa, na leo ilikuwa Jumatano.

Shariff alikuwa mwembamba wa mikono na miguu, kama alivyokuwa babu yake aliyetoka Bara Hindi. Tumbo tu ndilo lililochomoza, dogo na gumu, kama boga lililofichwa ndani ya kanzu. Tangu mvua za masika alikuwa akikonda zaidi, huku akimaliza mtungi wa maji na kwenda msalani kila mara. Mama Dahabo aliona mumewe amechoka, basi akamwongezea samli kwenye chapati na sukari kwenye chai, hadi kijiko kikasimama ndani ya bilauri. Kumlisha aliyekonda, huo ndio ulikuwa upendo wa nyumba yao.

Saa mbili Nyamoita aliingia dukani na mkungu wa ndizi kichwani. Alikuwa ametembea kutoka Sironga tangu giza. Alikuwa mama mnene, mpana wa nyonga na mapaja, na Shariff hakuwahi kumwacha apite bure.

"Mama, usikanyage mizani yangu, utanivunjia. Na uache kula. Ugonjwa wa sukari unawapenda watu wa kipimo chako."

"Kipimo changu kimepanda vilima tangu alfajiri," Nyamoita alijibu akitua mkungu. "Wewe ukienda posta tu unahema kama ng'ombe wa kulimia. Unachungulia sahani yangu, na ya kwako umeiangalia?"

Wateja walicheka. Kaltuma hakucheka. Kutoka chini ya meza ya duka, ilipokuwa miguu ya baba, alisikia harufu, kama ya panya aliyefia darini.

Jioni, walipobaki wawili, alisema kwa sauti ndogo, "Baba, hizo soksi zimepita muda wake."

Shariff alifunga mlango wa duka. Kisha akavua ya kushoto. Kati ya vidole palikuwa na kidonda chenye usaha, na kidole cha mwisho kilikuwa cheusi kama kaa la moto lililozimika.

"Kiatu kilinibana," alisema. "Hakiumi hata kidogo. Kidonda kisichouma si kidonda."

"Twende hospitali, baba."

"Rafiki yangu wa Kenyenya aliingia hospitali na miguu miwili akatoka na mmoja. Mimi siendi. Na mama yako asijue. Niahidi."

Kaltuma aliahidi. Kumkatalia baba ni jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Alfajiri iliyofuata Shariff alikuwa akitetemeka kwa homa. Alipoinuka kutoka kwenye kigoda aliyumba, akashika ukuta. "Mimina," alisema. Kaltuma alilishika birika lakini hakumimina. Akisema, amemsaliti baba. Akinyamaza, kile cheusi kitapanda mguuni.

Aliliweka birika chini akaenda jikoni. "Mama, njoo umvue baba soksi."

Dahabo hakuuliza mara mbili. Alivua, akaona, akatoka kutafuta msaada. Nyamoita, aliyekuwa amelala mjini usiku huo, ndiye aliyeomba mkokoteni wa wauza kuni akausukuma mwenyewe hadi hospitali, huku Shariff amekaa juu yake, amempa binti yake kisogo.

Dresa wa hospitali, Thadeus, msaidizi wa daktari, alitaka mkojo.

"Kama ni sukari, mpime huyu mama kwanza," Shariff alinong'ona. "Mimi ni mwembamba."

"Nipimeni, basi," Nyamoita alisema. "Anyamaze."

Thadeus alitia matone machache ya mkojo wa kila mmoja katika dawa ya buluu, kila mmoja na chupa yake, akazichemsha juu ya moto wa spiriti. Ya Nyamoita ilibaki buluu. Ya Shariff iligeuka kijani, ikawa ya manjano, kisha nyekundu kama tofali. "Nyekundu ni sukari," Thadeus alisema.

Daktari, mzee wa Kihindi mwenye miwani, alikibonyeza kidonda kwa chombo. Shariff hakushtuka.

"Huumwi kwa sababu sukari imeua hisia za mguu. Hiyo ndiyo hatari yenyewe," daktari alisema. "Bhai Shariff, ndugu yangu, baba yangu alikuwa mwembamba kuliko wewe, na sukari ndiyo iliyomuua. Katika nyumba nyingi za asili yetu, mikono hubaki myembamba na mafuta hujificha tumboni, kuzunguka ini. Huyu mama mafuta yake yamekaa nyongani na mapajani, hayamsumbui sana. Naye asijivune; tumbo likianza kumtoka, aje tumpime. Ungeingoja wiki nyingine, ningekukata mguu gotini. Leo nitakata kidole."

Shariff aliondoka hospitali akiwa na kidole kimoja pungufu, na dawa ya sindano ya kila siku. Asubuhi ya kwanza nyumbani alikaa kwenye kigoda bila soksi. Kaltuma alimimina maji akisita, kwa kuwa baba alikuwa bado hajazungumza naye.

"Mimina vizuri hapo katikati ya vidole," alisema. "Uangalie na kidonda. Macho yangu yalinidanganya, sasa natumia yako."

Mama Dahabo alileta chai kavu, isiyo na sukari hata chembe. Shariff alikunja uso, akanywa.

"Mimi nilimlisha sukari mgonjwa wa sukari," Dahabo alisema, "na yeye alificha mguu unaooza, huku tukimcheka Nyamoita kwa mwili wake. Sikiliza, Kaltuma. Kila mwili una mahali pake pa kuhifadhi mafuta, na huwezi kuusoma wako kwa kumtazama mwenzako. Mtu hupimwa. Na mkubwa akikuomba umfichie ugonjwa, usimfichie, hata akiwa baba yako. Ungetimiza ile ahadi uliyonieleza, leo ungekuwa unamwosha mguu mmoja."

Shariff alinyoosha mguu wa pili, naye Kaltuma akainamisha birika.