Bi Kurunzi Hajatoka Pangoni

Asubuhi hiyo Penseli aliamka, akachemsha chai, akamimina vikombe viwili kwa mazoea, kisha akasimama akikitazama kile cha pili kama mtu aliyealika mgeni akasahau jina lake. Mkewe alikuwa amezikwa mwezi uliopita.

Mtaa ulimwita Penseli kwa sababu ya kazi yake na, tuseme ukweli, kwa sababu ya umbo lake. Ndiye aliyechora vitabu vya katuni vya Bi Kurunzi, yule mama jasiri mwenye taa kichwani anayeshuka kwenye mapango ya chini ya ardhi huku akiwatania popo. Yeye alichora kwa penseli. Mkewe alifuata nyuma na brashi ya wino. Na pango, jamani, ni giza tupu.

"Wewe unachora mtu mmoja unaita kazi," mkewe alizoea kumwambia. "Mimi napaka mlima mzima kwa ndani."

Kisha humkunja kola vizuri, akimwachia alama ya dole gumba jeusi nyuma ya shingo. Mashati yote ya Penseli yalikuwa na muhuri huo, naye alilalamika kila siku. Brashi nayo haikuoshwa mpaka kitabu kiishe. Ilikaa kwenye glasi ya maji meusi, Penseli akiapa kwamba iko siku itazaa vyura.

Sura ya Bi Kurunzi ilikuwa ya mkewe. Walidhani hiyo ni siri yao. Mtaa mzima ulijua.

Kitabu cha mwisho kilibakiza ukurasa mmoja: Bi Kurunzi atoke pangoni, juani. Penseli alikaa mezani, ukamshinda. Akitoka, kitabu kimeisha. Kikiisha, hakuna tena kazi ya watu wawili. Basi badala ya mlango akachora njia nyingine inayoshuka, akaenda jikoni kuongeza chai.

Aliporudi, ukurasa ulikuwa umepakwa wino. Wino mbichi.

Mgane mwingine angetimua mbio mpaka viatu vimwombe apumzike. Penseli alivuta kiti. Aliijua ile mikwaruzo midogo kwenye kuta za pango. Hakuna mkono mwingine uliopaka giza namna ile.

"Umerudi," alinong'ona. Akatabasamu, akalia, kisha akachora upesi ukurasa mwingine. Njia ya chini zaidi.

Akaishi hivyo. Anachora, anaondoka, anarudi, wino mbichi. Mchapishaji akapiga simu kuuliza mwisho uko wapi.

"Pango limekuwa refu," Penseli akajibu, wala hakudanganya.

Ila taa ya Bi Kurunzi ilikuwa inafifia. Alichora mwanga mpana. Wino ukaula pembeni. Alichora mashavu, wino ukayafanya mashimo. Alikuwa anaona. Hakutaka kuona.

Mchana mmoja akaja shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwanamke ambaye akiingia nyumbani hata redio hunyamaza. Alileta hotpoti ya chakula na shati jipya, bado liko kwenye nailoni.

"Vaa hili, shemeji. Hilo ulilovaa linaomba likizo. Na umekonda mpaka jina lako sasa ni tusi."

Penseli akavaa. Shemeji akaziokota kurasa mezani, akazipitia moja moja. Utani ukamwisha.

"Mbona umemchora dada analia?"

"Sijamchora analia."

"Tazama."

Akatazama. Maji ya pangoni yalikuwa yamefika kifuani. Kucha zimeng'ang'ania mwamba. Na ndani ya kiputo cha maneno, alichokiacha kitupu, kulikuwa na mwandiko ulioinama kushoto. Mwandiko wa mkewe.

*Penseli, nimechoka. Nitoe.*

Shemeji akazirudisha kurasa polepole. "Wewe ndiye unayemweka humo," alinong'ona. "Mwachie aende."

Penseli alijua ukurasa unaotakiwa. Mlango wa pango, jua, majani. Weupe mtupu. Mahali pasipo giza, ambapo mpakaji wa wino hana cha kurudia.

Akauchora. Akamrudishia mashavu yake, akamkausha nguo, akamgeuza uso kwenye jua.

"Nenda, mke wangu."

Akaweka penseli chini, akamfuata shemeji jikoni. Hakuchemsha chai. Alisimama tu.

Nyuma yao, kwenye chumba cha kazi, glasi ikalia. Kli. Kli. Kli.

Brashi ilikuwa inaoshwa.

Hakuna aliyegeuka.

Kimya kiliporudi, wakaingia. Kwenye ukurasa kulikuwa na mlango wa pango. Jua. Majani. Hapakuwa na mtu, wala alama ya ufutio. Brashi ilikuwa imelazwa kando, safi, na maji kwenye glasi yalikuwa bado yanazunguka.

"Ametoka," alisema shemeji.

Penseli akaketi, akainamia meza, akalia kwa sauti ambayo hata kaburini hakuitoa.

Shemeji akanyoosha mkono amshike bega. Mkono ukaishia hewani.

Ile kola ya shati jipya ilikuwa imekunjwa vizuri. Na kwa nyuma, katikati, palikuwa na alama ya dole gumba, nyeusi, bado mbichi.