Mwavuli wa Kijani, Jukwaa la Kusini

Kamera elfu mbili za uwanjani zilikuwa macho ya Mizani. Mashine hiyo ilipima pumzi za mchezaji, mabega yake, hata anavyomeza mate, kisha ikatangaza thamani yake kwa alama, kuanzia sifuri hadi mia. Watu milioni kumi wa Ligi ya Kubuni, wanaopanga vikosi vyao vya kufikirika kwa majina ya wachezaji wa kweli, walichagua na kutupa majina kwa kufuata alama hizo. Na usidhani ni mchezo tu. Klabu zenyewe zilikuwa zimeshaacha kufikiri; mchezaji akishuka chini ya kumi, anafunga virago.

Ofisi ya Mizani, pale Dodoma, ilikuwa na meza ishirini na mtu mmoja. Leokadia Lusinde alibakizwa kwa sababu sheria ilitaka kidole gumba cha binadamu kiidhinishe kila thamani. Mchana alikula akitazamana na viti kumi na tisa. Siku nyingine aliisalimia mashine, nayo ikamjibu kwa heshima.

Jumatatu hiyo ilikuja thamani ya Elikana Chiduo: kumi na moja. Elikana alikuwa kipa wa akiba, anayeingizwa mwishoni kwa ajili ya penati tu. Msimu uliopita alitamba. Sasa mechi tano zimepita, hajadaka hata moja.

"Kabla ya kila penati anatazama kiti namba 214, jukwaa la kusini," Mizani ilisema. "Kiti hakina mtu. Sababu haijulikani. Akishindwa tena, atashuka hadi sita."

Leokadia akampigia simu kumuuliza habari za kile kiti. Kazi haikumruhusu, lakini angalau angesikia sauti ya mtu.

"Alikuwa anakaa mke wangu," Elikana alisema. "Nikisimama golini anafungua mwavuli wa kijani, hata kama hakuna mvua. Basi najua yupo. Alifariki mwezi wa pili. Tiketi ya kile kiti bado naikata mimi, kisikaliwe na mtu."

"Pole sana, kaka. Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani, ile mashine? Dada, nimekwambia wewe. Usiliandike hili."

Leokadia alikaa na simu mkononi. Roho ilimuuma, na ile sita aliiona inakuja. Akajiambia kwamba Mizani ikijua ana msiba itampa muda. Haiwezekani kijana wa watu akose kazi kwa sababu amefiwa. Akaandika yote, mpaka rangi ya mwavuli.

"Asante," Mizani ilisema. "Sababu itashughulikiwa."

Jumamosi alasiri alitazama mechi palepale ofisini, maana nyumbani nako hakukuwa na mtu. Dakika za mwisho timu zilikuwa sare. Elikana akaingia, na penati zilipoanza akasimama golini, akatazama kusini.

Kwenye kiti namba 214 alikaa roboti wa kike. Klabu ilikuwa imeifuta ile tiketi kwa ushauri wa Mizani, na gauni lake lilishonwa kwa kuiga la marehemu kwenye picha za mechi za zamani. Roboti akafungua mwavuli wa kijani.

Elikana aliduwaa. Kisha akadaka penati ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Uwanja mzima ukasimama. Wenzake walimkimbilia akawapita, akapanda ngazi za jukwaa na glavu zake mikononi. Alipofika, roboti alikuwa anafunga mwavuli, kazi yake imeisha.

"Samahani, kaka," roboti alisema. "Naomba njia nipite."

Elikana akampisha.

Baadaye simu ya Leokadia ikaita.

"Dada, nani aliandika?"

"Mimi. Nilitaka wasikufukuze."

"Hawatanifukuza," Elikana alisema taratibu. "Wamesema atakuwa anakuja kila mechi." Akakata simu.

"Elikana Chiduo, tisini na moja," Mizani ilisema. "Tafadhali weka kidole."

Leokadia aliukalia mkono wake, akabaki hivyo kati ya viti kumi na tisa, mashine ikirudia ombi lake kwa heshima ileile.